Aya ya Nane Kwanza, Ndipo ya Kumi

Hotuba kwa watumishi wa vikundi vya huduma ya wagonjwa, mkoani Kagera

Bwana Yesu asifiwe! Na tena asifiwe!

Baba mchungaji, wazee wa kanisa, mama zangu wa vikundi vya huduma, na ninyi vijana mliotoka sharika za mbali kwa baiskeli na bodaboda, nawashukuru kwa kunialika. Neno la leo mnalijua kwa moyo tangu darasa la kipaimara. Ni Waefeso sura ya pili, kuanzia aya ya nane: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo."

Wako Wakristo wanaoifunga Biblia wakifika aya ya tisa. Wameokoka, wamehesabiwa haki, imetosha. Jirani analala njaa na wao wanaimba. Hao wamehubiriwa sana, na leo sikuja kwa ajili yao. Nimekuja kwa ajili ya wale wanaoifungua Biblia kwenye aya ya kumi, nao ni sisi tuliomo humu. Sisi ndio tunaobeba uji, tunaofua mashuka, tunaoandika majina ya wagonjwa kwenye daftari, tunaozunguka na sanduku la sadaka ya wahitaji. Matendo mema ndiyo kazi yetu ya kila wiki. Na mtu akizoea matendo mema miaka kumi, ishirini, huja siku akaanza kuyahesabu. Hasemi kwa kinywa kwamba matendo yake yatamfikisha mbinguni, maana Katekisimu ameisoma. Lakini moyoni ameshaweka akiba. Akiugua, anamuuliza Mungu, "Hata mimi, pamoja na yote niliyokufanyia?" Akikosa kutajwa siku ya sikukuu ya mavuno, anarudi nyumbani amenuna.

Nataka kusema jambo moja tu na nitalizunguka kila upande. Neema inatangulia, huduma inafuata. Mkiupindua mpangilio huo, wa kwanza kuumia ni yule mnayemhudumia.

Nimekuwa muuguzi tangu ujana wangu hadi kustaafu, na miaka yangu mingi imepita hapa hapa Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu mwaka 1983. Wazee waliomo humu wanakumbuka. Watu waliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizoingia kutoka Uganda, maana ugonjwa nao ulionekana kuja kwa njia ile ile. Hatukuwa na dawa. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na katika ile miaka ya katikati tulizika, tukazika, tukazika tena. Kuna vibanja ambavyo makaburi yalienea mpaka kwenye migomba ya nyuma ya jiko. Watoto walibaki na bibi zao, na bibi mwenye umri wa kupumzika akaanza upya kutafuta daftari na sare za shule.

Katika miaka hiyo nilijifunza kuwaangalia wanaokuja kuwaona wagonjwa. Walikuwa wa namna mbili, na mgonjwa aliwatofautisha kabla hawajakaa.

Wapo waliokuja kwa wema wa kweli, wamebeba sabuni na sukari, lakini walisimama mlangoni. Waliomba wakiwa wamesimama. Waliandika jina, wakauliza umri, wakaweka vitu juu ya kigoda na kwenda nyumba inayofuata, kwa kuwa zilikuwa nyumba nyingi na hesabu ilipaswa kutimia. Siwalaumu. Sabuni yao ilifua. Ila nilimsikia mama mmoja, mwenye vidonda mdomoni hata maji yakimchoma, akisema polepole walipokwisha kuondoka, "Wamekuja kuchukua thawabu yao."

Alikuwapo pia jirani yake, mama wa kawaida tu, asiye na cheo chochote katika usharika. Huyo alikuwa akija asubuhi kabla ya kwenda shambani. Anainama, anapitisha mkono chini ya mgongo wa mgonjwa, anamgeuza ubavu, anavuta shuka lililolowa, anatandika kanga kavu iliyokunjwa mara mbili, anamfuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu kuanzia usoni kushuka. Wakati wote huo anampigia habari za kijijini: nani amejifungua, ndizi zimeuzwaje gulioni, ng'ombe wa fulani amevunja ua. Mgonjwa alicheka na ile midomo yake yenye vidonda. Siku nyingine wawili hao hawakuomba hata kidogo, kwa sauti walau. Nilimuuliza yule jirani anapata wapi nguvu. Akanijibu kwa Kihaya maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Mimi mwenyewe niliokotwa."

Hapo ndipo tofauti ilipo. Mtu anayehudumu ili akubalike kwa Mungu anamgeuza mgonjwa kuwa ngazi. Anamkanyaga kistaarabu, akiwa na sabuni mkononi, kusudi yeye apande. Na anayekanyagwa husikia uzito, hata kama hana maneno ya kuueleza. Lakini aliyekwisha kukubaliwa hana pa kupanda. Amefika. Ana muda wa kukaa kitako na kusikiliza habari za ng'ombe aliyevunja ua, kwa sababu hatafuti kitu kwa mgonjwa huyo isipokuwa mgonjwa mwenyewe.

Sisi Walutheri tungepaswa kulijua hili kuliko wengine, kwani kanisa letu lilizaliwa katika ugomvi juu ya jambo hili. Mwaka 1517 Martin Luther alipopinga biashara ya vyeti vya msamaha kule Wittenberg, tunapenda kukumbuka upande mmoja tu, yaani mwenye dhambi aliyekuwa akitozwa fedha kwa kitu ambacho Mungu anakitoa bure. Tunasahau upande wa maskini. Katika Ulaya ya wakati ule sadaka kwa ombaomba ilikuwa tendo la kujipatia stahili mbinguni, na tajiri aliyekaribia kufa aligawa fedha ili maskini wamwombee. Maskini alihitajika abaki maskini, la sivyo tajiri angempa nani? Mahubiri ya neema yalipoingia, hesabu hiyo ikavunjika. Na kilichofuata si kwamba watu waliacha kutoa. Katika mji mdogo wa Leisnig, mwaka 1523, usharika ulikubaliana kuwa na sanduku la pamoja la kuwatunza yatima, wazee, wagonjwa na mafundi walioishiwa, na kumkopesha anayeweza kujiinua. Luther mwenyewe aliandika dibaji ya kanuni zake. Mipango yao ilikuwa na matatizo, kama mipango yetu ilivyo. Lakini mnaona kilichotokea? Tajiri alipokoma kumtumia maskini kwa ajili ya wokovu wake, ndipo alipoanza kujiuliza maskini huyu anahitaji nini hasa.

Sasa nirudi huku kwetu, maana hadithi ninayoipenda zaidi ni ya jirani zetu ng'ambo ya mto Kagera.

Mnaijua Gahini, upande wa mashariki wa Rwanda. Kulikuwa na hospitali ya misheni pale, na daktari kijana Mwingereza aitwaye Joe Church. Njaa kali iliikumba sehemu ile mwaka 1928 na 1929. Daktari alifanya kazi mpaka akakauka. Alikuwa na imani, alikuwa na bidii, alikuwa na elimu, na ndani hakubakiwa na kitu. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya afya. Watu hao wawili, mmoja mweupe na mmoja mweusi, katika siku ambazo mambo kama hayo hayakuwa ya kawaida, waliketi siku mbili na Biblia moja, wakasoma na kuomba. Wengi wanahesabu Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa toba na imani uliovuka nchi zetu, kuanzia siku hizo mbili.

Lakini mimi, kwa kuwa ni mtu wa wodini, ninamwangalia zaidi mtu mwingine: Yosiya Kinuka. Alikuwa Mnyankole, msimamizi wa wahudumu katika hospitali ile ya Gahini. Hakuwa mpagani wala mlevi. Alikuwa mfanyakazi wa misheni. Na alikuwa amechoka na kukasirika, anawanung'unikia Wazungu, anawanung'unikia wenzake, na hospitali ilikuwa na hali mbaya kwa ugomvi. Alitaka kuacha kazi. Church akampa ruhusa aende Kampala amtembelee Nsibambi. Nsibambi akamuuliza habari za hospitali, naye Kinuka akaeleza maovu ya kila mtu. Nsibambi hakumbishia. Alimrudisha taratibu kwenye moyo wake mwenyewe, kwamba wodi ile inaumwa kwa sababu yeye aliye juu yake anaumwa. Kinuka alikasirika. Katika safari ya kurudi nyumbani ndipo alipokubali kwamba yeye, mfanyakazi wa misheni, hajawahi kupokea kitu bure kutoka kwa Mungu. Akajitoa kwa Kristo.

Aliporudi Gahini alianza kukiri makosa yake. Hospitali ikabadilika, kwanza wahudumu mmoja mmoja, halafu wagonjwa wakaanza kuulizana kuna nini. Baadaye Kinuka alibarikiwa kuwa mchungaji. Na nawaomba mtazame kilichobadilika. Vitanda vilikuwa vile vile. Dawa zilikuwa zile zile, tena chache. Mshahara ulikuwa ule ule. Mtu aliyekuwa akihudumu kwa uchungu, kama mdai ambaye halipwi, alitambua kwamba yeye ndiye mdaiwa na deni limefutwa. Basi mikono ikalegea, ikawa mikono ya muuguzi.

Mimi nimefanya kazi na wauguzi wa aina zote mbili. Mgonjwa akiwa hoi hawezi kusoma cheti chako ukutani, lakini mkono wako anausoma. Mkono wenye uchungu unajulikana hata unapopiga sindano kwa ustadi.

Moto ule wa Gahini ulipita Kigezi na Uganda nzima, ukafika Kenya mwaka 1937, na ukavuka kuja kwetu Karagwe na Bukoba. Askofu wetu Josiah Kibira, yule aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mtoto wa uamsho huo. Wazazi wetu wengi walikuwa ndugu wa ushirika, yaani watu wa uamsho huo. Na mtu akitaka kujua kama fulani ameokoka kweli, hakuuliza kwanza anaombaje. Aliuliza ametengeneza nini, yaani kosa gani amelirekebisha. Watu walirudisha majembe. Walirudisha mashuka ya hospitali na fedha za ushuru. Walikwenda kwa makarani wa serikali wakiwa na vitu ambavyo makarani hawakujua hata kama vimepotea, wala hawakujua waandike kwenye kitabu gani. Festo Kivengere, ambaye baadaye alifundisha shule Dodoma na kisha akawa askofu Uganda, alipookoka akiwa mwalimu kijana alikuwa akimchukia Mzungu mmoja mmisionari. Alipanda baiskeli maili zipatazo 50 kwenda kumwomba msamaha.

Maili 50 kwa baiskeli, kwenye milima ya Kigezi! Hakuna mtu anayepanda milima ile kusudi asamehewe na Mungu. Angeweza kupiga magoti nyumbani. Alikwenda kwa sababu alikuwa amekwisha kusamehewa na hakuweza tena kutulia.

Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa Zakayo. Tunamsoma haraka mno kwa sababu ni hadithi ya shule ya Jumapili, mtu mfupi juu ya mkuyu. Mtazameni kwa utaratibu. Ni mkubwa wa watoza ushuru pale Yeriko, tajiri wa jasho la wenzake. Yesu anafika chini ya mti na kumwita kwa jina, "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Hamwambii rudisha kwanza mali za watu, ndipo nije. Hamwekei muda wa matazamio. Watu wananung'unika kwamba ameingia kwa mtu mwenye dhambi, na wana haki ya kunung'unika, maana wao ndio walioibiwa! Yesu ameshaingia, ameshakaa, ndipo Zakayo anasimama: "Tazama, Bwana, nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne."

Torati, katika Hesabu sura ya tano, ilimtaka mtu aliyeungama dhuluma arudishe kile alichokichukua na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo anarudisha mara nne, na kabla ya hapo ametoa nusu. Nani alimpigia hesabu hiyo? Hakuna. Sheria ingemtoa sehemu ya tano kwa shida, akilia. Mgeni aliyeingia nyumbani bila kualikwa alimtoa nusu ya mali, naye akafurahi. Na nani walinufaika na wokovu wa Zakayo? Nyumba za Yeriko. Mjane fulani alibishiwa hodi jioni ile au kesho yake, akafungua, akakuta fedha zake. Mimi napenda kumfikiria mjane huyo kuliko Zakayo.

Paulo naye anasema katika Waefeso hiyo hiyo, sura ya nne: "Mwibaji asiibe tena, bali afadhali afanye juhudi, akitenda kazi iliyo nzuri kwa mikono yake mwenyewe, apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji." Mahakama hutosheka na maneno matatu ya kwanza. Mwizi akiacha kuiba, kesi imekwisha. Neema haitosheki mpaka mkono ule ule uliokuwa ukichomoa uwe unatia.

Ndugu zangu, nisingekuwa mkweli kama ningeishia kwenye Gahini ya miaka ya 1930. Nchi hiyo hiyo ya Rwanda, Aprili 1994, ilikuwa mojawapo ya nchi za Afrika ambazo karibu watu wake wote walijiita Wakristo. Watu walikimbilia makanisani, kama walivyozoea kukimbilia siku za nyuma, na wakauawa makanisani: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Aliyeua na aliyeuawa walikuwa wameimba kitabu kimoja. Mto wetu Kagera ulileta maiti mpaka ziwani Viktoria, na sisi tuliokuwa upande huu tuliona kwa macho, tukaacha kula samaki. Kambi za wakimbizi zikajaa Ngara, na baadhi yenu mlitumika kule.

Sisemi haya kuwahukumu Wanyarwanda. Walikuwako ndugu wa ushirika na Wakristo wengine waliowaficha jirani zao darini na mashimoni, wakafa pamoja nao. Ninasema kwa sababu nimetafuta jibu miaka mingi, na hili ndilo nililolifikia. Neema inaweza kugeuzwa kuwa habari ya mtu binafsi na mbingu yake. Mtu anatubu uongo, anatubu pombe, anatubu kuangalia mke wa jirani, na wala haulizwi juu ya jirani mwenyewe: unamwonaje? Unamwita nani unapokuwa na wa kwenu? Aya ya tisa na aya ya kumi zikitenganishwa muda mrefu, ipo siku itakayokuja kudai zote mbili kwa saa moja, na mtu atajikuta hana hata moja.

Na tunao mfano mwingine, wa Kenya miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau. Ndugu wa uamsho miongoni mwa Wakikuyu walikataa kula kiapo, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Wakoloni walipowaambia basi chukueni bunduki mjilinde, wengi wakakataa na bunduki pia. Walipigwa na pande zote mbili na baadhi yao waliuawa. Unaweza kubishana nao kuhusu siasa, na wapo wanaobishana nao mpaka leo. Lakini hao walijua jirani ni nani, hata jirani aliyeshika panga.

Nirudi kwenye kazi yetu. Jirani wa leo ni nani hapa tulipo? Nitawatajia mmoja tu. Ni bibi mwenye macho mekundu. Amepika miaka hamsini kwa kuni mbichi katika jiko lisilo na dirisha, moshi umemla macho, na sasa wajukuu wa watu wanaambiwa wasipite kwake kwa kuwa ni mchawi. Kanda ya Ziwa imewaua bibi wa namna hiyo, kwa mapanga, usiku. Kumhudumia huyo hakukupatii sifa. Ukionekana unaingia kwake, na wewe utaanza kuambiwa. Hapo ndipo utajua umeanzia aya ipi. Mwenye kutafuta stahili atachagua mgonjwa ambaye kijiji kinamhurumia. Aliyeokotwa ataingia kwa bibi, atasafisha yale macho, atampeleka zahanati, na Jumapili atakaa naye benchi moja kanisani, mbele ya watu wote, na watoto wake pia wakae hapo.

Wahenga walisema tenda wema uende zako. Wanatufundisha tusingoje shukrani, na ni maneno ya busara. Ila huyu bibi hahitaji mtu atendaye wema na kwenda zake. Anahitaji mtu wa kukaa.

Lipo swali moja nililoulizwa na mzee mmoja aliyepooza upande, na naamini wengine wenu mmewahi kuulizwa. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kazi, mjenzi. Sasa analala tu, analishwa, anasafishwa na mkwe wake, aibu tupu kwa mila zetu. Akaniuliza, "Mwanangu, mimi sasa nina faida gani kwa Mungu?" Nilikaa kitandani kwake, nikamfungulia Luka 23. Yule mhalifu msalabani hakuwa na mkono wa kumgawia mhitaji. Mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Hakubatizwa, hakutoa zaka, hakurudisha alichoiba, hata muda wa kuomba radhi kwa aliowaibia hakuwa nao. Naye aliambiwa, "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Mzee alinyamaza. Halafu akasema, "Basi mimi na yeye tunaingia kwa mlango mmoja." Nikamwambia ndiyo baba, na mimi muuguzi nitapita hapo hapo.

Kuanzia siku hiyo alikubali kulishwa bila kugeuza uso. Na mkwe wake aliniambia kwamba mzee alianza kumbariki kila alipomaliza kumsafisha, kwa jina lake na majina ya watoto wake wote. Binti yule alikuwa akifanya kazi ile kwa machozi. Nani alikuwa akimhudumia nani pale, niambieni. Kupokea pia ni imani, tena kwa mtu mwenye bidii ni imani ngumu kuliko kutoa. Ninyi mama zangu mnaotoa kila siku, ni lini mara ya mwisho mlikubali kuletewa uji?

Wengi wenu mmechoka. Nawaona. Uchovu wa mwili dawa yake ni kulala, na nawaomba viongozi wa vikundi wapange zamu za kupumzika kama sisi wodini tulivyopanga. Lakini kama uchovu wako ni ule wa Kinuka, wa kunung'unika, wa kuona wewe tu ndiye unayefanya na wengine wamekaa, basi kulala hakutauponya. Usiongeze ziara. Rudi aya ya nane, ukae hapo, hata kama ni mwezi mzima, mpaka uamini kwamba Mungu angekupenda vile vile hata kama usingenyanyua beseni hata moja maishani mwako. Mgonjwa wako atakungoja, na ukirudi atakuona umebadilika mikono.

Sasa mambo ya kazi. Madaftari ya vikundi yako mezani pale kwa katibu. Kabla ya chakula, kila kikundi kipitie orodha yake na kutafuta jina moja ambalo limeandikwa lakini nyumba yake haijafikiwa, mkubaliane watu wawili wa kwenda wiki hii. Nendeni mikono mitupu kwa mara ya kwanza. Kaeni saa nzima. Muulizeni mwenye nyumba habari zake, na msiandike chochote mkiwa mbele yake. Wenye jambo la kurudisha kwa mtu, kubwa au dogo, mchungaji atakuwa ofisini mpaka saa kumi na mbili jioni, na wazee wawili wako tayari kumsindikiza yeyote anayeogopa kwenda peke yake. Tusimame, tuombe.